Kiputo cha Hewa na Maji ya Mto

Naitreti ikiyeyuka majini haina rangi, harufu wala ladha. Mama anaweza kukoroga maziwa ya mtoto kwa maji yaliyobeba mabaki ya mbolea asihisi lolote. Mwaka 1945 daktari Hunter Comly wa Iowa, Marekani, alieleza habari za watoto wachanga waliogeuka buluu kwa kunywa maji ya visima vya mashambani yenye naitreti: damu yao ilikuwa imepungukiwa nguvu ya kubeba oksijeni.

Msingi wa kemia ya kuifichua naitreti ni wa tangu karne ya 19. Maji hupitishwa kwenye kadimiamu, naitreti ikawa naitraiti, kisha hutiwa dawa kwa njia iliyoanzishwa na Peter Griess, mkemia Mjerumani aliyeajiriwa katika kiwanda cha bia huko Burton, Uingereza. Maji huwa ya waridi, na waridi ikikolea, naitreti ni nyingi. Kuifanya kazi hiyo kwa mkono, chupa baada ya chupa, kunachosha, na uchovu huzaa makosa.

Katika miaka ya 1950, mwanabiokemia Leonard Skeggs wa Cleveland, Marekani, alitaka kupima damu za wagonjwa wengi mfululizo ndani ya mrija mmoja mwembamba. Lakini damu ya huyu ingechanganyika na ya yule. Akaingiza viputo vya hewa, vikatenga sampuli na kusugua kuta za mrija vikipita. Katika ufundi wote wa maabara sijui wazo zuri kuliko hili: hewa tupu, isiyouzwa popote, ndiyo inayolinda ukweli wa kila sampuli. Mashine zilizotumia njia hiyo zikahamia kwenye maji ya mito na bahari, na viputo vingali vinafanya kazi humo.

Mto, hata hivyo, hausubiri maabara. Mvua ikinyesha kwenye mahindi na soya ya Iowa, maji huzama hadi kwenye mabomba yaliyofukiwa chini ya mashamba, yakaisomba naitreti hadi mto Raccoon, ambao jiji la Des Moines hunywa. Huenda naitreti ikapanda usiku, watu wamelala. Kihisi kilichozamishwa mtoni huyamulika maji kwa miale ya urujuanimno, hupima kiasi cha miale kilichofyonzwa, na kutuma jibu mara nyingi kwa siku. Kikomo cha sheria kwa maji ya kunywa ni miligramu 10 za naitrojeni kwa lita. Kikikaribiwa, mtambo wa kuondoa naitreti huwashwa, nao ni ghali kuuendesha.

Matope na mwani hukiziba kioo cha kihisi. Burashi ndogo hukifuta, lakini bado fundi lazima aje, akisafishe, achote maji na kulinganisha namba. Heshima yangu ya kwanza ni kwake.

Mwaka 2023 bunge la jimbo la Iowa lilipunguza fedha zilizokuwa zikigharimia vihisi hivyo. Lilikosea. Mkulima, mnywaji na mbunge wanabishana juu ya mto uleule, na kipimo ambacho hakikuchukuliwa leo hakichukuliki kesho.