Betri Huharibika Machi, Hugoma Julai

Ikifika Julai, gari likigoma kuwaka alfajiri kule Mbooni, baridi ndiyo hulaumiwa. Ukweli ni kwamba betri ile ilianza kufa tangu Februari au Machi, gari liliposhinda juani Kibwezi au Mutomo. Kila nyuzi 10 za joto zikiongezeka, kasi ya kemia ndani ya betri hukaribia kuongezeka maradufu: bamba za risasi huliwa na maji hukauka. Lakini injini yenye joto huzunguka kwa urahisi, kwa hiyo dereva haoni dalili. Baridi ikija, oili huwa nzito, na betri nayo hutoa umeme kidogo. Aibu hutokea hapo.

Fundi makini huanza na sikio. Stata ikitoa tik-tik-tik huku taa za dashibodi zikififia, umeme hautoshi: ama betri ni dhaifu, ama vichwa vyake vimelegea au vimeshika ukungu mweupe. Ukungu huoshwa kwa maji ya moto na magadi, kisha nati zinakazwa. Probox inayopiga barabara za vumbi na mawe hulegeza nati kila mara, na mtikisiko huohuo hupukutisha bamba ndani ya betri isiyofungwa vizuri. Mlio ukiwa mmoja, mzito, na taa zikibaki kali, shuku stata kwanza.

Baada ya sikio, mita. Gari likilala usiku kucha, betri iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi, 12.2 ni kama nusu. Chini ya 12 imekauka chaji. Wengi hukosea hapa, kwa sababu kukauka chaji si kufa. Huenda redio, king'ora au kifaa cha kufuatilia gari kimeinyonya usiku. Ichaji hadi ijae, iache itulie, upime tena.

Kipimo kinachoamua ni kile cha kazi. Mtu mmoja awashe gari, mwingine atazame mita. Betri iliyoanza na 12.6 kisha ikaporomoka chini ya takriban 9.6 stata inapozunguka imechoka, hata kama taa na redio zinafanya kazi vizuri. Volti inazo, msukumo haina wa kuutoa. Na ile isiyopita 10.5 hata baada ya kuchajiwa kutwa, seli yake moja kati ya sita imekufa. Hiyo usiipotezee umeme wa chaja.

Kabla ya kutoa pesa, pima tena injini ikiwa inanguruma. Mita isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ikibaki 12, tatizo ni altaneta au mkanda wake, na betri mpya itaishiwa vilevile. Ikizidi 15, betri inachemshwa. Ukibadilisha betri peke yake utarudi dukani mapema.

Betri zenye vifuniko vya kufunguka huongezwa maji yaliyochujwa kwa mvuke, basi. Maji ya visima vingi vya Ukambani yana chumvi, na chumvi huharibu bamba. Asidi nayo haiongezwi. Betri iliyovimba tumbo au inayonuka yai viza haina haja ya kupimwa: itoe, na moto wowote uwe mbali.

Kwa joto letu, mimi betri iliyotimiza miaka 3 ningeipima kila Mei, kabla ya baridi, badala ya kusubiri inigomee.

Ile ya zamani usiiuze kwa mtu wa vyuma chakavu asiyejulikana. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu ya risasi, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Maduka mengi ya betri hupokea kuukuu na kupunguza bei ya mpya.

Na hiyo mpya pia ipimwe mbele yako, pamoja na kusoma tarehe iliyopigwa muhuri kwenye gamba. Ikisoma chini ya 12.4, imekaa rafuni muda mrefu. Mwambie muuzaji alete nyingine.