Ua Ulioachwa Nje ya Kamba

Mjomba wangu ni fundi ujenzi Kibondo. Nilipokuwa mdogo alikuwa akinipa ncha ya kamba niishike, yeye aende kufunga upande wa pili kwenye kigingi. Akisema "kaza", nakaza. Kabla tofali moja halijawekwa, kila mtu alishajua chumba kitakuwa wapi na mwembe gani utakatwa.

Nilimkumbuka mjomba nikiandika tasnifu yangu ya uzamili juu ya kitabu cha Ezekieli. Sura ya 40 hadi 42 wasomaji wengi huziruka: dhiraa, malango, ngazi, kumbi, tena dhiraa. Lakini tazama anayeandika yuko wapi. Ni kuhani aliyehamishiwa Babeli. Ni mwaka wa 25 wa uhamisho, yapata mwaka 573 KK, na Yerusalemu umeanguka miaka 14 iliyopita. Mtu mwenye mwanzi wa dhiraa 6 anampimia hekalu ambalo halipo. Hata lililojengwa baadaye halikufuata vipimo vile.

Kwa nini basi apime? Kwa mtu aliyenyang'anywa mahali, kupima ni namna ya kukataa kwamba mahali pale pamekwisha.

Huku kwetu wapo watu wanaoijua hesabu hiyo bila kusoma tasnifu. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilianzishwa mwaka 1996 kupokea Wakongo waliokimbia vita. Mwaka 2015 Warundi walipomiminika, Nduta ya Kibondo ikafunguliwa tena. Nyarugusu ilitimiza miaka 25 mwaka 2021. Kuna waliozaliwa humo ambao sasa wana umri kama wangu, na wenyewe wana watoto.

Kipimo chao ni kingine. Kwa miaka mingi mkimbizi hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila kibali. Mimi ni Muha. Kiha na Kirundi vinasikilizana. Tunaweza kusalimiana, kutaniana na kuomboleza pamoja bila mkalimani. Mstari ule haukufuata lugha.

Ndiyo maana mahubiri niliyoyasikia mara nyingi juu ya Ufunuo 11 yamekuwa yakinisumbua. Yohana anapewa mwanzi apime hekalu, madhabahu na wanaoabudu humo. Mhubiri husema: kupimwa ni kulindwa, basi jitahidi uwe ndani. Sipingi, katika sura ile kipimo kweli ni ulinzi. Ila mhubiri huishia hapo, na sentensi inayofuata inaagiza ua wa nje uachwe bila kupimwa, nao mji utakanyagwa miezi 42. Sisi tuliokaa kwenye mabenchi tulijiweka ndani kwa haraka sana. Hakuna aliyeuliza nani yuko uani.

Ezekieli naye ana tatizo hilohilo. Sura ya 44 inamzuia mgeni asiingie patakatifu. Sura ya 47 inaagiza mgeni anayeishi kati ya makabila apewe urithi wa ardhi kama mzaliwa. Wapo wataalamu wanaosema hizo ni kalamu mbili tofauti, na kwa muda nami niliridhika na jibu hilo. Siku hizi naliona ni jepesi mno, kwa sababu linaruka kilicho katikati.

Katikati kuna maji. Yanatoka chini ya kizingiti cha hekalu, na mtu yuleyule anatoka nje na kamba yake. Anapima dhiraa 1,000, maji yanafika kwenye vifundo vya miguu. Anapima tena 1,000, yanafika magotini. Tena, kiunoni. Mara ya nne ni mto usiovukika kwa miguu. Kamba iliyoweza kila ukuta na kila lango imefika mahali haisemi kitu tena. Mgeni anapewa ardhi katika sura hiyohiyo, baada ya mto huo.

Kwa usomaji wangu, kupima hekalu ni mwanzo wa maono, na anayeishia kwenye kuta amekisoma kitabu nusu. Mpaka wa patakatifu unabaki. Lakini kinachotoka humo hakikai ndani ya mpaka, na kinamfikia mtu ambaye kamba ilimwacha nje.

Tasnifu yangu ilikuwa iishie sura ya 44. Msimamizi ameniuliza kwa nini naomba miezi mitatu zaidi. Nimemjibu kwamba mto uko sura ya 47.