Picha za Ukutani na Uadilifu wa Nyumba

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu wa pwani waliohamia Arusha wamefuatana na desturi zao. Hapa Sekei, chini ya Mlima Meru, ukikaribishwa sebuleni utaona Ayatul Kursiy, picha ya Al-Kaaba, kisha safu za picha za watu zilizotiwa fremu na vioo. Twataka kuupima mpango wa picha hizo, maana mpango nao una maneno yake.

Wazee wetu nao walizipamba kuta. Katika majumba ya mawe ya Lamu na Pate ya karne ya 18, ukuta wa ndani ulichongwa zidaka, safu juu ya safu, zikapangwa sahani na bakuli za kaure kutoka China. Pambo lile lilionyesha neema ya mwenye nyumba, wala halikuonyesha uso wa mtu. Kisha ikaja kamera. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, na si yeye peke yake. Studio zikaenea miji ya pwani, na nyuso zikapanda ukutani.

Wanavyuoni wamekhitilafiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliiruhusu picha ya kamera kwa hoja kwamba ni kukinasa kivuli cha kilichokwisha umbwa na Mungu. Sheikh Abdul-Aziz bin Baz wa Saudia aliikataza ila kwa dharura. Mwenye kufuata kauli ya kukataza amekwisha pumzika. Lakini mwenye kufuata kauli ya ruhusa asidhani kwamba hesabu imekwisha. Amebakiwa na mambo matatu.

La kwanza ni mahali. Bibi Aisha alikuwa na pazia lenye picha, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamtaka aliondoe kwa kuwa picha zake zilikuwa zikimjia katika sala. Basi mbona twapanga nyuso za jamaa upande wa kibla, kisha twatandika msala mbele yake?

La pili ni sitara. Bibi harusi aliyepigwa picha nywele wazi, mikono wazi, anatundikwa sebuleni, mbele ya fundi wa umeme na kila apitaye. Mama huyo akitoka hujifunika buibui. Picha yake nayo ina haki ya kufunikwa. Mahali pake ni chumbani.

La tatu ndilo zito, na ndilo lisilosemwa. Tazama ni nani aliye ukutani na ni nani asiyekuwapo. Katikati yuko baba na joho lake. Kulia yuko mwana aliyehitimu chuo kikuu, kushoto harusi ya binti mkubwa. Aliyeanguka mtihani wa darasa la saba, akabaki kumsaidia mama yake kazi, hayupo. Mtoto wa mke aliyeachwa hayupo. Yatima wa ndugu, alaye sinia moja na wenzake, hayupo. Kila siku hupita mbele ya ukuta ule akienda kula. Hakuna aliyemwambia neno, naye amekwisha sikia.

Watu watasema: aliyesoma ametukuzwa kwa bidii yake. Bidii ni jambo la kusifiwa, na shahada yake itundikwe. Lakini ukoo haupatikani kwa mtihani. Bashir alipompa mwanawe Nuuman zawadi, akaja kumwomba Mtume awe shahidi, aliulizwa kama watoto wake wote amewapa mfano wake. Aliposema la, Mtume alikataa kuwa shahidi. Je, ukuta wetu tungethubutu kumwomba aushuhudie?

Watoto waliobaguliwa sebuleni wakiwa wadogo ndio tunaowaita baadaye wakae pamoja kugawana mirathi kwa mapenzi. Mapenzi hayo tuliyapanda lini?

Basi mwenye kutundika, atundike watoto wote, kwa kipimo kimoja, katika safu moja, kimo ambacho mtoto mwenyewe atajiona. Asiyekuwa na picha apelekwe akapigwe. Ukuta unaovuja wakati wa masika uepukwe, na picha isigusane na kioo, iwekwe karatasi ngumu pembezoni, isije ikanata ikaharibika. Asiyeweza kuwatundika wote, auache ukuta mtupu, hautamdhulumu mtu.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwafanyia uadilifu tuliopewa kuwalea. Amin.