Udogo Uliopimwa

Mwanza haikujengwa kwenye tambarare. Nyumba za Mabatini, Igogo na Isamilo zimepandana juu ya matale, mengine makubwa kuliko nyumba zenyewe, na njia za kuzifikia hupita pale mawe yaliporuhusu. Ukitoka jijini ukashika upande wa Misungwi au Magu, ardhi inabadilika. Karibu na vilima kuna luseni, mchanga uliomeguka kutoka kwenye matale hayohayo. Mabondeni kuna mbuga, udongo mweusi ambao kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono, na masika hunata mpaka tairi inageuka donge. Gari la huku linaweza kukutana na jiwe, mchanga na tope kabla dereva hajamaliza soda yake.

Jibu lililozoeleka ni Land Cruiser, na hakuna wa kulibeza. Ndilo la hospitali, la halmashauri na la migodini. Lakini lina uzito unaozidi tani mbili, na likinasa mbugani linahitaji trekta au kijiji kizima. Jibu la pili limepatikana kwa kupunguza, nalo ni Suzuki Jimny. Wahenga walijua kwamba kiselema, jembe lililolika, huweza kulima kikalipita jembe zima, na kigari hiki kinastahili kutazamwa kwa jicho hilo.

Udogo wake ulianza na sheria. Japani ilikuwa na daraja la magari madogo yenye nafuu ya kodi, ambayo wakati huo hayakuruhusiwa kuzidi urefu wa mita 3 wala injini ya sentimita za ujazo 360. Kampuni ndogo iitwayo Hope ilitengeneza gari la kuvuta magurudumu yote manne ndani ya mipaka hiyo, ikashindwa kuliuza. Suzuki ikanunua haki zake, na Aprili 1970 ikatoa LJ10, lenye injini ya silinda mbili na nguvu za farasi 25. Spea tairi haikuweza kuning'inia nyuma kwa sababu ingelivusha gari urefu wa kisheria. Wahandisi wakaiingiza ndani, na gari likabaki la watu watatu. Walikubali kupoteza nafasi ya mtu mmoja, lakini uwezo wa kupanda mlima hawakuugusa.

Mpangilio huohuo wa nini kitangulie unaonekana kwenye umbo la sasa, lililotoka mwaka 2018. Bila kuhesabu spea tairi, ambayo siku hizi inakaa mlangoni nyuma, toleo la milango mitatu lenye injini ya lita 1.5 lina urefu wa mita 3.48 na uzito wa kilo 1,100 hivi. Chuchumaa mbele yake utazame pembe za bampa. Zimekatwa kuelekea juu, kiasi kwamba tairi ndiyo inayotangulia kugusa jiwe, siyo plastiki. Jimny linaweza kuukabili mwinuko wa nyuzi 37 bila kujigonga pua, na nyuma linaachia nyuzi 49. Katikati ya ekseli mbili kuna mita 2.25 tu, kwa hiyo tumbo halibaki limekalia jiwe huku magurudumu yakielea. Kwenye vichochoro vya Igogo, ambako mwinuko huanza ghafla penye kona, vipimo hivyo vina maana kuliko nguvu za farasi.

Panda ndani sasa. Boneti ni bapa, na dereva anaziona pembe zake zote mbili kutoka kitini. Kioo cha mlango kimeshushwa upande wa mbele, chini ya kioo cha pembeni, ili uweze kuchungulia mahali linapokanyaga gurudumu. Kwenye ukingo wa paa kuna kijifereji chembamba ambacho magari mengi ya kisasa yamekiondoa kwa ajili ya urembo. Mvua ya ziwani inaponyesha ukafungua mlango, maji yaliyotuama juu hufuata kijifereji hicho na hayamwagiki kitini. Lakini si kila uamuzi unafaa huku. Taa za nyuma zimeshushwa hadi kwenye bampa ili mlango ufunguke kwa upana, na penye mawe taa iliyo chini hivyo haidumu.

Kazi kubwa imefichwa chini. Magari mengi madogo ya leo yanayoitwa ya porini ni bodi tupu iliyonyanyuliwa kidogo. Hili lina chesisi kamili, reli mbili za chuma zilizounganishwa kwa vipande vya kukingama kama ngazi, na mwaka 2018 katikati kikaongezwa kiungo cha umbo la X ili chesisi isijisokote ovyo. Mbele na nyuma kuna ekseli ngumu, bomba moja kutoka gurudumu hadi gurudumu. Gurudumu la kushoto likipanda jiwe, ekseli huinama yote na kulisukuma la kulia chini, likaendelea kukanyaga. Springi ni za kuzunguka, laini kiasi cha kuiruhusu ekseli kuyumba. Kando ya gia kuna mti mdogo wa kuchagua kuvuta nyuma pekee, kuvuta kote, au gia nzito ambayo hupunguza mwendo kwa nusu na kuongeza mvuto maradufu. Gurudumu moja likizunguka hewani, breki hulishika zenyewe, na nguvu ikahamia kwa mwenzake aliye ardhini.

Fundi wa Mwanza hatalishangaa sana. Baadhi ya Jimny za miaka ya 1990 zilishiriki familia moja ya injini, F6A, na Suzuki Carry, zile kirikuu zinazobeba mizigo ya soko kila asubuhi. Aliyewahi kufungua kichwa cha injini ya kirikuu anajua aanzie wapi.

Kupunguza, hata hivyo, kuna namna yake. Kenya walijaribu kwa njia nyingine. Mobius, kampuni iliyoanzishwa na Mwingereza Joel Jackson, ilibuni gari la bei nafuu kwa barabara mbovu za Afrika. Mobius II ya mwanzo, ya katikati ya miaka ya 2010, haikuwa na vioo vya madirisha wala kiyoyozi. Ilikuwa ndefu kwenda juu na imara, lakini ilivuta magurudumu mawili tu. Lengo lilikuwa la heshima, lakini Agosti 2024 kampuni ilitangaza kwamba itavunjwa kwa sababu ya mzigo wa madeni, kabla ya kupata mnunuzi. Walipunguza starehe pamoja na mvuto. Suzuki ilipunguza ukubwa ikauacha mvuto salama. Hata ilipoota ndoto za umeme, katika gari la maonyesho e-Survivor lililofunuliwa Tokyo mwaka 2017, lenye viti viwili na mota kwa kila gurudumu, chesisi ya ngazi haikuguswa.

Gharama za udogo zipo na hazifichiki. Viti vya nyuma vikiwa vimesimama, nafasi ya mizigo ni lita 85, ambazo zinajazwa na begi moja na ndoo ya samaki. Kwenye lami ndefu ya kwenda Shinyanga, upepo wa pembeni hulisukuma na stelingi hudai mikono miwili. Mwenye watoto wanne atafute kwingine.

Anayelitaka la mtumba ainame kwanza kabla ya kuuliza bei. Mengi hutoka Japani, ambako barabara za theluji humwagiwa chumvi, na kutu hupenda chesisi kwenye maungio ya nyuma. Kisha aliendeshe hadi kilomita 70 kwa saa. Stelingi ikianza kutetemeka mikononi, beringi za vifundo vya ekseli ya mbele huenda zimekwisha. Maradhi yote mawili yanatibika kwa mashine ya kuchomelea, jeki na seti ya beringi, katika gereji ya chini ya mwembe, bila kompyuta. Waliolichora walifikiria pia siku ya kuharibika, na ndiyo sababu gari lililobuniwa kwa ajili ya sheria za Japani linaweza kuzeekea Mwanza.