Jirani Shahidi na Jirani Mpelelezi

Ndugu msomaji, miongoni mwa haki ambazo dini yetu imezitilia mkazo mkubwa ni haki ya jirani. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 36, Mwenyezi Mungu (S.W.T.), baada ya kutuamrisha tumuabudu Yeye peke yake na tuwafanyie wema wazazi wawili na jamaa, mayatima na masikini, amewataja majirani wa namna mbili: aliye karibu nasi na aliye mbali nasi. Na katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume wetu (S.A.W.) ametueleza jinsi Jibrili alivyokuwa akimuusia juu ya jirani, akirudia na kurudia, hata Mtume akadhani kuwa jirani atafanywa mrithi. Jambo lenye daraja kama hiyo si la kuchezewa. Kila chombo kinachodai kuwa kimekuja kutuunganisha na jirani zetu, yatupasa tukiweke juu ya mizani hiyo tukipime.

Chombo tutakachokipima leo kinaitwa Nextdoor, na maana ya jina hilo ni nyumba ya pili, ile inayopakana na yako. Ni programu ya simu na kompyuta iliyoanzia San Francisco, Marekani, na kufunguliwa kwa watu wa nchi ile mwaka 2011. Mwaka 2016 ikaingia Uingereza, na baadaye nchi nyingine za Ulaya. Huenda msomaji akauliza: ya San Francisco na London yatuhusu nini sisi wa Lamu, Mombasa, Tanga na Unguja? Yanatuhusu kwa mambo mawili. La kwanza, wako watoto wetu na ndugu zetu wanaoishi katika miji hiyo, na huko wao ndio majirani wageni. La pili, sisi wenyewe tumekwisha kujifungulia mabaraza ya namna hiyo katika simu zetu, kwa makundi ya WhatsApp ya mtaa, na mwenye busara hunyolewa kwa wembe wa mwenziwe kabla wake haujamkata.

Hebu tutazame kwanza jinsi kinavyotumika. Anayetaka kuingia hutakiwa atoe jina lake la kweli na anwani ya nyumba yake, kisha anwani ile huhakikishwa. Njia mojawapo ni kupelekewa kadi kwa posta yenye nambari za siri ambazo ataziandika katika programu. Akisha kukubaliwa, huwekwa pamoja na watu wa mtaa wake, ambao mipaka yake imechorwa katika ramani. Halipi kitu, kampuni hupata fedha zake kwa matangazo ya biashara.

Mpango huu kwa sura yake si mbaya. Wanazuoni wetu nao walizungumza juu ya mipaka ya ujirani. Imepokewa kuwa Hasan al-Basri alipoulizwa jirani ni nani, alijibu kwa kuhesabu nyumba 40 mbele, 40 nyuma, 40 kuliani na 40 kushotoni. Tofauti ni kwamba yeye alizihesabu nyumba hizo ili mtu ajue ni wangapi wenye haki juu yake.

Na insafu inatutaka tuyataje mema kabla ya makosa. Wanaoitumia programu hii wanasimulia kuwa wamerudishiwa paka na mbwa waliopotea, wameonyeshwa fundi wa bomba mwaminifu, na wamegawiana vitanda na viti badala ya kuvitupa. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipowafungia watu majumbani, kampuni ilifungua ramani ambayo ndani yake mtu aliweza kujiandikisha kuwa yuko tayari kumnunulia dawa na chakula jirani asiyeweza kutoka. Hayo ni mema, na Muislamu hana haja ya kuyakanusha. Katika Hadithi ya Abu Dharr iliyomo katika Muslim, tumeamrishwa tunapopika mchuzi tuongeze maji ili tuwaangalie jirani zetu. Anayemnunulia dawa mzee wa nyumba ya pili hayuko mbali na mchuzi huo.

Lakini watumiaji hao hao wana malalamiko, nayo yameandikwa na kusomwa kwa miaka mingi. Wanasema baraza lile limejaa ugomvi wa mbwa wanaobweka na magari yaliyoegeshwa vibaya, na zaidi ya yote limejaa khofu. Mtu mmoja anachungulia dirishani, anamwona kijana asiyemjua anapita njiani, mara anaandika kuwajulisha wenziwe mia kadhaa kwamba yuko mtu wa kushukiwa. Amefanya nini? Hakuna alichofanya. Amepita. Amesimama. Amegonga mlango. Kwetu anayegonga huitikiwa hodi yake. Kule hupigwa picha na kamera ya mlangoni, na picha yake huzungushwa mtaani kabla hajaulizwa amefuata nini.

Jambo hili lilidhihiri sana mjini Oakland, katika jimbo la California, mwaka 2015. Wakaazi wa mji ule walilalamika kuwa jirani zao wanaandika habari za kuwashuku watu weusi kwa sababu ya rangi yao tu: mtu mweusi anatembea, mtu mweusi yuko ndani ya gari. Wengine walikuwa wakaazi wa mtaa huo huo, wamo ndani ya programu hiyo hiyo, na wanasoma habari za watu walio mfano wa watoto wao. Fikiri, ewe mama unayesoma ukurasa huu, mwanao yuko masomoni ugenini, naye anarudi kwake usiku kutoka kazini, na kila dirisha analolipita lina mtu anayemwandika.

Wakaazi wale walisimama wakadai haki, na mwaka 2016 kampuni ikabadilisha fomu ya kuandikia habari za uhalifu. Aliyetaja rangi ya mtu akalazimishwa kuongeza sifa nyingine zisizopungua mbili, kama vile nguo, viatu au nywele, na kueleza ni kitendo gani kilichomtia shaka. Kampuni ilisema kuwa habari za kuwashuku watu kwa rangi zilipungua kwa asilimia 75. Tulitie maanani jambo hili. Watu ni wale wale, mtaa ni ule ule, khofu ni ile ile. Kilichoongezwa ni maswali machache na kitambo kidogo cha kufikiri. Hapo ndipo mtu alipojiuliza: kwani nimeona nini hasa? Wengi wakakuta hawakuona kitu.

Hiyo ni hikima tuliyofundishwa tangu zamani. Sura ya Al-Hujuraat, aya ya 6, imetuamrisha tuihakikishe habari anayotuletea mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Aya ya 12 ya Sura hiyo imekataza dhana mbaya, kupeleleza na kusengenya, mambo matatu yanayofuatana kama ngazi: mtu hudhani, kisha hupeleleza, kisha huenda kusema. Na Sura ya An-Nisaa, aya ya 83, imewalaumu wale ambao likiwafikia jambo la amani au la khofu hulitangaza papo hapo, badala ya kulipeleka kwa wenye ujuzi na madaraka ya kulichunguza.

Sasa tufike kwenye kiini cha makala haya. Imesimuliwa kuwa mtu mmoja alitoa ushahidi mbele ya Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), na Umar akataka aletwe wa kumthibitishia kuwa shahidi yule ni mtu mwema. Akatokea aliyesema anamjua. Umar akamuuliza maswali matatu: Je, wewe ni jirani yake, unayejua kuingia kwake na kutoka kwake? Je, umepata kufanya naye biashara ya dirhamu na dinari? Je, umepata kusafiri naye? Yote matatu akajibu la. Umar akamwambia kuwa basi hamjui.

Zingatia, ndugu msomaji: jirani kwa Umar ni shahidi, na ni shahidi kwa sababu anamjua mtu. Ushahidi wake una thamani kwa kuwa ameishi naye ukuta kwa ukuta, ameona subuhi yake na usiku wake. Kosa kubwa la programu hii ni kuigeuza kazi hiyo juu chini. Imemfanya jirani kuwa shahidi wa watu asiowajua. Imehakikisha nyumba ya msemaji ni ipi, wala haikuhakikisha kuwa analolisema ana ujuzi nalo. Na kwa kuwa maneno yametoka kwa jirani mwenye jina na anwani, wasomaji huyapa imani ambayo wasingempa mpita njia. Kadi ya posta huthibitisha anwani, haithibitishi ukweli.

Kampuni yenyewe imejaribu kutengeneza zaidi. Mwaka 2019 iliweka onyo linalomtokea mtu anapotaka kuandika jibu la ukali, likimtaka afikiri tena. Mwezi wa Juni 2020 iliondoa njia iliyowawezesha watu kuzipeleka habari zao moja kwa moja kwa polisi. Mwaka huo huo wasimamizi wa mitaa, ambao ni wakaazi wanaojitolea, walishutumiwa kuwa wanafuta maneno ya watu waliokuwa wakitetea haki za watu weusi, na mkuu wa kampuni akakiri kuwa kosa lilikuwa lao. Ilipoingia katika soko la hisa la New York mwezi wa Novemba 2021, ilijichagulia alama ya herufi KIND, neno la Kiingereza lenye maana ya mwema. Tunawashukuru kwa walilotengeneza. Lakini wema hauwi wema kwa kuandikwa sokoni, na biashara ambayo pato lake ni macho ya watu haiwezi kuwa adui wa kweli wa khofu, kwa sababu hakuna kinachomrudisha mtu kutazama mara kwa mara kama khofu.

Atasema msemaji: Na baraza zetu je, hazina masengenyo? Zinayo, tena mengi, na sisi waalimu hatuchoki kuyakemea. Lakini barazani msemaji huonekana uso. Akizidisha, yuko mzee atakayemwambia, astaghafiru. Yule apitaye husalimu, huitikiwa, huulizwa wa wapi, na mara hutokea kuwa ni mwana wa fulani. Salamu ndiyo fomu yetu ya maswali. Ndani ya simu hakuna salamu ya mpita njia, kwa kuwa yeye hayumo, anazungumzwa tu.

Na hapa lawama inatugeukia sisi. Makundi yetu ya WhatsApp ya mtaa na ya msikiti yanaleta habari za maziko, za hitima, za maji kukatika, nayo ni manufaa. Lakini humo humo hutumwa picha ya kijana na maneno mawili: "Jihadharini naye." Nani kampiga picha? Kafanya nini? Nani kaona? Hakuna ajuaye, na kila mmoja anaipeleka mbele. Tukiulizwa tunajifichia katika methali kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani. Methali hiyo si hoja ya sheria. Katika Muslim imo Hadithi inayotufundisha kuwa yamtosha mtu kuwa mwongo kwa kuhadithia kila alisikialo.

Wala tusidhani madhara yake ni ya maneno tu. Huko India, tarehe 1 Julai 2018, katika kijiji cha Rainpada, jimbo la Maharashtra, watu watano wapita njia waliuawa na umati, baada ya habari za uongo juu ya wezi wa watoto kuenezwa kwa WhatsApp. Mwezi huo kampuni ikapunguza idadi ya mazungumzo ambayo mtu wa India angeweza kuyapelekea ujumbe kwa mara moja, yakawa matano, na Januari 2019 ikaeneza kanuni hiyo ulimwenguni. Nasi twajua vyema katika miji yetu kelele ya "Mwizi!" imewahi kufanya nini kabla ya polisi kufika. Damu hiyo itaulizwa kwa aliyerusha jiwe, na aliyetuma picha naye ajiandalie jawabu lake.

Basi tufanye nini? Simu hatutazitupa. Tufuate adabu hizi. Kwanza, tusiandike habari ya mtu ila kitendo tulichokiona kwa macho yetu. Pili, jambo la khatari tulipeleke kwa anayeweza kulichunguza, polisi au mzee wa mtaa, wala si kwa watu mia tatu walio vitandani. Tatu, tusisambaze picha ya mtu kwa shaka tu. Nne, anayesimamia kundi ajue kuwa ana amana, na kufuta uzushi ni katika amana hiyo. Tano, na hili ndilo kubwa, kila tuliposomapo habari za jirani, tujiulize lini mara ya mwisho tulimgongea mlango. Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alitajiwa mwanamke mwingi wa sala na saumu aliyewaudhi jirani zake kwa ulimi, akasema kuwa hana kheri. Siku hizi ulimi una vidole.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtaa unaoogopa kila mgeni umejinyima uponyaji huo. Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe mashahidi wa haki kwa jirani zetu, atuepushe na dhana mbaya, na awahifadhi watoto wetu walio ugenini, wapate majirani wa kuwaitikia hodi. Amin.