Katika Kidogo Kosa Halijifichi

Ufundi wa mashine ndogo ni kazi ya mikono inayofanywa kwa mapenzi, jioni na mwisho wa juma, na mtu ambaye kwa kawaida anakula kwa kazi nyingine. Huchagua mashine halisi, kama vile kichwa cha treni, pampu ya maji au injini ya mvuke, akaiunda upya kwa chuma na shaba mpaka ikaenea juu ya meza. Umbo likishakamilika kazi huwa bado: lazima moto uwake, maji yachemke, mvuke usukume pistoni na gurudumu lizunguke. Pambo la sebuleni likifanana na kitu chake limetosha. Mashine ndogo isipotembea haijawa kitu, na sharti hilo ndilo linaloifanya iwe shule, maana chuma hakibembelezeki wala hakina upendeleo.

Katika mitaa ya mji wa Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, Soweto ikiwamo, shule hiyo ina darasa la awali lisilo na ada. Watoto huokota waya, makopo na kandambili zilizokatika, wakaunda lori lenye usukani mrefu wa waya, ambalo mwenyewe huliendesha akitembea nyuma yake. Anayekata gurudumu kwa kukisia hupata yai, na lori lake hurukaruka hata kwenye lami. Mwenye kujifunza huweka mfuniko wa kopo juu ya soli ya kandambili, akauzungushia ncha ya msumari, akakata nje kidogo ya mstari, kisha akasugua ukingo kwenye saruji mpaka akaufikia mstari wenyewe. Katikati ya duara hapaamuliwi na jicho: huchora duara lile lile kwenye karatasi, akalikata, akalikunja mara mbili, na mikunjo inapokutana ndipo msumari unapopita. Bado kuna ekseli. Zisipokuwa sambamba lori huvuta upande mmoja, na mkono ukilirudisha njiani linapotoka tena. Mtoto aliyelifumua lori lake mara ya tatu ili anyooshe ekseli amekwisha kupata kanuni ya kwanza ya ufundi: kosa hutibiwa pale lilipoanzia, hata kama linaonekana kwingine.

Nchi hii ya mlimani haikuanza jana kushughulika na chuma. Upareni kilifuliwa tangu zamani, na ukoo wa Washana wa Ugweno ulijulikana kwa uhunzi. Chuma kikavuka hadi Uchagani, ambako wahunzi wa Mamba walikifua kuwa mikuki na majembe. Mhunzi hakuwa na kipimajoto. Alisoma rangi, na elimu hiyo haijachakaa. Fundi wa mashine ndogo akitaka kisu cha kukerezea hukichonga kutoka kwenye tupa kuukuu, akakipasha moto hadi kiwe chekundu, akakizamisha ghafla ili kiwe kigumu. Kikitoka hapo ni kigumu lakini chepesi kuvunjika kama kioo. Hivyo hukisugua king'ae, kisha hukipasha tena polepole huku akitazama rangi zikitambaa juu ya uso wake: kwenye nyuzi 230 hivi za Selsiasi huwa rangi ya majani makavu, baadaye kahawia, halafu zambarau, na karibu na nyuzi 300 buluu. Kisu hutakiwa kikomee kwenye majani makavu. Akitazama pembeni kidogo tu buluu imekwisha kufika, makali yamelegea, na kazi inaanza upya.

Mashine kubwa ya kuigwa nayo haiko mbali. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, ikiwa na upana wa milimita 1,000, kipimo kinachomrahisishia hesabu mwenye kuiga: akipunguza kila kitu mara kumi, njia yake ya reli inakuwa na upana wa milimita 100 kamili. Tuchukue vichwa vya mvuke vya daraja la 59, vilivyovuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Vilikuwa 34, vikaundwa na kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester mwaka 1955 na 1956, na vikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, Kilimanjaro ukiwamo. Kimoja, Mount Gelai, kimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Kila kichwa kilikuwa na uzito wa takriban tani 256. Urefu ukigawanywa kwa 10, eneo la uso hugawanyika kwa 100 na uzito kwa 1,000, hivyo mfano wake ungekuwa na uzito wa takriban kilo 256.

Hesabu hiyo inaficha ugumu wote wa fani. Chuma kinapungua, lakini maji, moto na mvuke havipungui tabia. Boila iliyopunguzwa mara kumi ina uso mkubwa mara kumi kwa kila lita ya maji iliyomo, kwa hiyo hupoteza joto upesi mno. Mwanya wa sehemu ya kumi ya milimita, ambao kwenye mashine kubwa hauna madhara, kwenye mfano ni mlango wazi.

Mfano mmoja mdogo ulibadili historia kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka 1763 James Watt, fundi wa vyombo katika Chuo Kikuu cha Glasgow, aliletewa kielelezo cha injini ya mvuke ya Newcomen akitengeneze. Kilikuwa kinapiga mizunguko michache kisha kinaishiwa mvuke, ilhali injini kubwa za namna hiyo zilikuwa zimevuta maji migodini kwa miaka hamsini. Watt angeweza kukaza palipolegea na kukirudisha. Badala yake alipima maji yaliyochemka na mvuke uliotumika, akagundua kwamba sehemu kubwa ya mvuke ilikuwa ikiishia kuipasha silinda iliyopozwa kwa maji katika kila pigo. Mwaka 1765 akapata wazo la kuupoza mvuke katika chombo cha pembeni, na silinda ibaki na joto lake. Upotevu huo ulikuwamo ndani ya injini kubwa siku zote. Ukubwa wake ndio ulioufunika.

Anayeanza leo hahitaji mengi: jiriwa, msumeno wa chuma, tupa tatu, guniya, rula na kalipa. Shaba hupatikana kwenye koki na makufuli yaliyokufa, aluminiamu kwenye pistoni za magari, na chuma kwenye mizani ya wauza skrepa. Mashine ya kukereza ni ghali, lakini mji na mkoa vina urithi wa karakana: Shule ya Sekondari ya Ufundi Moshi, chuo cha VETA, kituo cha SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973, na huko Machame kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools, kilichojengwa kwa msaada wa Bulgaria ili kuunda mashine zinazounda mashine nyingine, zikiwamo za kukereza na kutoboa.

Somo la kwanza la mkono ni mchemraba wa chuma wa milimita 20, uliochongwa kwa tupa peke yake. Yeyote anayelidharau hubadili mawazo siku ya kwanza. Mikono ya binadamu hubembea, na tupa ikibembea hula kingo ikaacha katikati, hivyo uso hutoka na tumbo. Ili auone ukweli, mwanafunzi hufuta vumbi, akasimamisha ubapa wa guniya juu ya uso, akainua vyote viwili kuelekea dirishani. Mwanga ukipenya chini ya guniya, mahali pale pamelika mno. Pasipopenya ndipo penye mwinuko. Jicho huona ufa mwembamba kuliko unywele. Tupa inarudi pale pale penye mwinuko, mapigo matatu, kisha dirishani tena. Uso wa kwanza ukinyooka huwa msingi: wa pili hupimwa kutoka kwake, na wa tatu kutoka kwa zote mbili, kwa hiyo uongo mdogo katika msingi hurithiwa na nyuso zote zinazofuata. Wengi huligundua hilo kwenye uso wa sita, nao hulazimika kurudi kwenye wa kwanza.

Baada ya mwanga huja mikromita. Chombo hiki kinatumia skrubu ya kawaida iliyotengenezwa kwa uangalifu wa pekee: ikizungushwa mara moja husogea nusu milimita, na mzunguko wake umegawanywa sehemu 50, hivyo kila alama ni sehemu moja ya mia ya milimita. Karatasi ya fotokopi ina kama alama kumi za unene. Lakini mikromita husema kweli kwa mkono mwepesi tu. Ukiikaza kwa nguvu itakubali chochote unachotaka, kama shahidi aliyetishwa.

Joto nalo lina sauti. Vipimo vya uhandisi duniani kote huhesabiwa kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, na Moshi mchana wa Februari huvuka nyuzi 30. Kipande cha shaba ya manjano chenye urefu wa milimita 100 kikipanda nyuzi 10 hurefuka kwa takriban sehemu mbili za mia za milimita. Kipande kilichotoka kukerezwa huwa cha moto zaidi ya hapo. Fundi aliyekipima kikiwa moto akaridhika, atakikuta asubuhi kimepwaya. Kwa hiyo hukiweka mezani, akafagia, akanoa kisu, akasubiri. Hapo subira imekuwa sehemu ya kipimo, sawa na skrubu ya mikromita.

Mashine ya kukereza ina mitego miwili inayomngoja kila mgeni. Wa kwanza ni mchezo: gurudumu la mkono likigeuzwa kurudi nyuma huzunguka kidogo bila kusogeza kisu, na alama zake kwa muda huo hazina maana. Anayejua hurudi nyuma kupita alama, kisha huikaribia kutoka upande ule ule siku zote. Wa pili ni hesabu ya duara. Kisu kikiingia sehemu moja ya kumi ya milimita, kipenyo hupungua sehemu mbili, kwa kuwa chuma kimeliwa pande zote. Tuseme pistoni inatakiwa iwe na milimita 20 na imebaki na 20.4. Mwenye haraka huingiza kisu sehemu nne za kumi na kupata 19.6, kipande cha kutupa. Mwenye subira huingiza moja, akapima, akakuta 20.2, sasa anajua mashine yake imejibu sawasawa, na pigo la mwisho hulikata kwa imani iliyojengwa juu ya ushahidi.

Kukutanisha sehemu mbili ndiko kunakohitaji uvumilivu mkubwa zaidi. Valvu bapa inayoteleza juu ya mlango wa mvuke lazima ikae juu yake bila upenyo. Uso mmoja hupakwa masizi ya kibatari kwa wembamba, mwingine ukalazwa juu yake na kusogezwa kidogo. Mahali palipogusana hupata doa jeusi, na mwanzoni madoa huwa matatu tu. Hukwanguliwa hayo matatu, masizi hupakwa tena na nyuso kukutanishwa tena, na safari hii huwa saba. Baada ya mara ishirini au thelathini uso mzima umejaa madoa madogo yaliyokaribiana. Hakuna njia ya mkato, lakini pia hakuna kubahatisha: kila mara masizi yanaonyesha mahali pa kukwangua.

Vipande huharibika hata mikononi mwa waliobobea. Desturi njema ni kuanza na hatua ya hatari zaidi, kama kutoboa tundu refu na jembamba, kabla kipande hakijabeba kazi ya siku tatu. Desturi nyingine ni kutokitupa kilichoharibika. Kikiwekwa kwenye kopo pamoja na maandishi machache ya kilichotokea, huwa mwalimu.

Boila peke yake hairuhusu kujifunza kwa kuharibu. Mvuke uliofungiwa unaua, hata katika chombo kinachoenea kiganjani. Boila ya shaba nyekundu huungwa kwa aloi ya fedha inayoyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 600, huwekewa valvu ya usalama, na kabla ya kuuona moto hujazwa maji baridi na kusukumwa hadi mara mbili ya shinikizo litakalotumika. Maji hayajibani kama mvuke. Kiungo kikiachia, hutoka tone badala ya mlipuko. Mtu mwingine mwenye ujuzi lazima ashuhudie, kwa kuwa aliyeunda huona anachotamani.

Usikivu unaopatikana hivi haubaki mezani. Katika mashamba ya mlimani, mashine ya kumenya kahawa huharibu buni mwanya wake ukibana mno na huacha maganda ukilegea mno. Anayeirekebisha kwa robo mzunguko, akamenya konzi moja, akazitazama punje kisha akarekebisha tena, anatumia akili ile ile ya guniya na dirisha.

Siku ya kwanza injini hujaribiwa kwa upepo wa pampu ya baiskeli. Mara nyingi hukakamaa, huzunguka nusu, hugoma. Hulegezwa kiungo kimoja kimoja mpaka kinachobana kijulikane, kikatibiwa kilipoanzia. Ikishatembea, fundi hupunguza upepo kadiri awezavyo, kwa kuwa yeyote aweza kuikimbiza injini, na kasi huvuka juu ya kasoro kama gari linavyovuka vishimo. Injini iliyopimwa vyema huendelea kuzunguka taratibu, pistoni ikienda na kurudi hata jicho likahesabu kila pigo, bila kusita mahali popote pa duara. Upole huo wa mzunguko ndio cheti cha fani hii.