Kukatika, Kufutwa, Kusita: Istilahi za Vyeo vya Kurithi

Miongoni mwa tafsiri zinazotufikia zimo makala za historia na za sheria zihusuzo makabaila wa Uingereza. Katika nyingi ya hizo, mfasiri hutosheka na maneno mawili: cheo "kilirithiwa", au cheo "kilikufa". Kwa maoni yetu maneno hayo hayatoshi, na mara nyingine humpa msomaji habari isiyo ya kweli.

Tuanze na "kurithi". Hatusemi neno hili litupwe, maana hata ufalme hurithiwa. Lakini msomaji wetu akisikia mirathi huelewa mali inayogawanywa, kila mrithi na fungu lake. Cheo cha Lodi hakigawanyiki, wala mwenye nacho hawezi kumwusia ampendaye. Hushuka kwa mtu mmoja, kwa kawaida mwana wa kwanza wa kiume, kwa masharti yaliyowekwa siku kilipotolewa. Yafaa mfasiri alieleze jambo hili mapema.

Hatari kubwa zaidi imo katika "kufa". Mwaka 1990 alifariki Duki wa tisa wa Portland. Uduki huo, uliotolewa mwaka 1716, ulikoma kwa kuwa hapakubaki mrithi wa kiume wa uzao wa Duki wa kwanza kwa upande wa kuumeni. Lakini Ueli wa Portland, cheo kidogo zaidi alichopewa baba yake Duki huyo mwaka 1689, haukukoma. Ulimfikia jamaa wa mbali, aliyetokana na mwana mwingine wa Eli wa kwanza. Mfasiri anayeandika kwamba "cheo cha Portland kilikufa" amezika viwili badala ya kimoja.

Kuna pia cheo kisichokufa wala kisicho na mwenyewe. Baadhi ya vyeo vya kale vya Baroni huweza kushuka kwa mabinti. Mwenye cheo akiacha mabinti kadhaa bila mwana wa kiume, wote wana haki sawa, na kwa kuwa cheo hakigawanyiki, hapana anayekipata. Husubiri mpaka haki zote zikutane kwa mtu mmoja, au Mfalme au Malkia amteue mmoja wa wenye haki. Ubaroni wa Grey wa Codnor ulisubiri hivyo tangu mwaka 1496 hadi 1989. Kusema kwamba ulikufa ni kukana haki za vizazi vilivyokuwapo muda wote huo.

Vilevile, tunapinga "kujiuzulu" pale inapozungumzwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1963. Kwa sheria hiyo Tony Benn aliukataa Uvaikaunti wa Stansgate ili aweze kuwa mbunge wa kuchaguliwa. Ajiuzuluye huacha nafasi, na mwingine huijaza. Hapa hapakuwa na wa kuijaza maadamu Benn yu hai; alipofariki mwaka 2014, cheo kilimfikia mwanawe.

Tofauti hizi si ngeni kwetu. Umwinyi Mkuu wa Unguja ulikoma mwaka 1873, alipofariki Mwinyi Mkuu wa mwisho, Ahmed bin Muhammad, asiache mtoto wa kiume. Utemi wa Tanganyika, kinyume chake, haukukosa warithi: mamlaka yake yaliondolewa kwa sheria mwaka 1963. Na Ukabaka wa Buganda, uliofutwa mwaka 1967, ulirejeshwa mwaka 1993. Kilichokufa hakirejeshwi, kilichofutwa chaweza kurejeshwa. Mwalimu anayetumia neno moja kwa yote matatu hamwachii mwanafunzi nafasi ya kuuliza ni nani aliyekiondoa cheo, na kwa nini.

Kwa hiyo tunapendekeza:

(a) kukatika: ukoo wenye haki umekwisha, na cheo kimekoma pamoja nao;

(b) kufutwa: sheria imekiondoa cheo, ingawa ukoo ungali upo;

(c) kusita: warithi wapo zaidi ya mmoja wenye haki sawa, na cheo kinasubiri;

(d) kujivua: mtu amekataa cheo kwa maisha yake, bila kuwanyima watakaomfuata.

Hatimaye, tutenge cheo na kiti. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1999 iliwaondoa Bungeni wengi wa malodi wa kurithi, ikawabakizia nafasi 92. Haikufuta cheo hata kimoja. Aliyetoka Bungeni siku hiyo alirudi nyumbani akiwa Lodi kama alivyokuja, na mwanawe akabaki na haki ile ile.

Huenda wasomaji wa bara na wa visiwani wanayo maneno yaliyokomaa zaidi kuliko haya, hasa kwa (c), ambalo ndilo gumu kuliko yote. Tutashukuru kuletewa, pamoja na mifano ya matumizi yake.